Uzi maalumu: Wachoraji wa mkono tunaohamia kwenye kompyuta na simu (Krita, ibisPaint, tableti za kuchorea), tukutane hapa

Mzee wa Brashi (mwanzisha uzi):

Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mchoraji wa vibao hapa Dodoma mjini. Ukipita Majengo ukaona kibao cha saluni chenye kijana wa kiduku anayetabasamu upande mmoja, au genge lenye samaki aliyechorwa mkubwa kuliko muuzaji mwenyewe, basi hiyo ndiyo fani yetu. Kazi zimepungua, kila mtu anajua. Mteja siku hizi anataka bango la kuprinti, analitaka kesho asubuhi, na kijana wa stesheneri anamuunganishia picha za kuokota mtandaoni. Sijaja kulia hapa. Nilihamia kwenye kompyuta, nakula humo humo, na PM yangu imejaa watu wanaouliza nilianzaje. Nimechoka kuandika jibu lile lile, ndiyo maana ya uzi huu.

Wengi wanaouliza ni watu wenye mkono. Wa penseli, wa brashi, wa chaki, upo. Lakini wakifungua programu wanakuta vitufe vimewazunguka pande zote. Wanakimbilia YouTube, wanaangalia mtu anayeongea haraka haraka akichora joka, bando linakata, joka halijatoka. Wanafunga. Wiki ijayo wanaanza na video nyingine, na joka jingine.

Ushauri wangu ni huu: ingia na kazi unayoijua. Kibao ambacho ungekichora ukutani huku unapiga soga na mwenye duka, kichore humo, ukimalize, kiprintiwe, kitundikwe. Kila kitufe ambacho kazi hiyo haikukuomba, achana nacho. Kazi ya pili itaomba viwili vitatu zaidi. Mimi mpaka leo kuna menyu za Krita sijawahi kuzifungua na ada ya shule inalipwa.

Ndiyo, natumia Krita. Ni programu ya kuchorea, ya bure kabisa, chanzo chake kiko wazi, inasimamiwa na taasisi iliyoko Uholanzi na inatengenezwa na watu wa nchi mbalimbali. Ishushe kwenye tovuti yao wenyewe, krita.org. Ukiikuta inauzwa kwenye duka la Microsoft au Steam usiseme umetapeliwa, ni ile ile, wanaolipa huko wanachangia tu. RAM ya GB 4 itaiendesha kwa subira, GB 8 unapumua. Utakachochora ni mali yako, uza utakavyo, hakuna atakayekudai leseni. GIMP nayo ni ya bure na ni kongwe, lakini mimi naona imekaa zaidi kwa kuhariri picha za kamera. Mtu wa brashi Krita itamkaa mkononi mapema.

Sasa tableti. Zile nyeusi zisizo na kioo, ndogo za Huion, XP-Pen au Wacom, zinatosha kuanzia. Unachora mezani, macho yako kwenye skrini. Siku za mwanzo utajiona hujui hata kuandika jina lako, na hilo halina dawa zaidi ya kuendelea. Lakini kuna ugonjwa ambao watu wanaufananisha na huo kumbe ni mwingine. Kabla hujachora chochote, chukua kizibo cha soda, kiweke juu ya tableti, kizungushie kalamu taratibu. Angalia skrini. Ukiona duara, endelea. Ukiona yai, uwiano wa tableti na skrini haujakaa sawa: skrini nyingi ni 16 kwa 9 (upana kwa kimo), tableti nyingi ni 16 kwa 10, na draiva, yaani programu inayoiunganisha tableti na kompyuta, inainyoosha moja ifunike nyingine yote. Fungua ile programu ndogo iliyokuja na tableti, tafuta sehemu ya eneo la kuchorea, ifanye ifuate uwiano wa skrini. Utapoteza kipande cha chini cha tableti, kiache kipotee. Kuna kijana hapa Chang'ombe kila sura aliyoichora ilikuwa inanenepa mashavu, akaamini mkono umekufa. Tulimpa kizibo.

La pili, iweke tableti ikabili skrini, usiipindishe kama tunavyopindisha daftari tukiandika. Ukiipindisha, mstari ulalao nao unapanda mlima. Ukitaka kugeuza karatasi, igeuze ndani ya Krita: namba 4 na 6 kwenye kibodi zinazungusha, 5 inairudisha wima. M inaonyesha mchoro kama uko kwenye kioo. Hiyo M usiidharau, uso uliouona mzuri jioni nzima unaukuta jicho moja limeshuka shavuni.

Vitufe vingine vya kuanzia: B ni brashi. E inaigeuza brashi uliyoshika iwe kifutio, na ukibonyeza tena inarudi. Shift ukiburuta, unene unabadilika. Ctrl ukigusa sehemu ya mchoro, unachota rangi ya hapo. Ctrl na Z unatendua. Na hapa waliozoea Word wasikilize: Ctrl na Y humu haikurudishii ulichotendua. Inawasha mwonekano wa rangi za kuprinti, picha yote inapauka ghafla, mtu anadhani kompyuta imeharibika. Bonyeza tena itarudi. Kurudisha ulichotendua ni Ctrl, Shift na Z.

Brashi ziko nyingi hadi unachoka. Chukua ile inayoitwa Basic-5 Size, ukibonyeza kalamu inanenepa, ukilegeza inakonda. Fanya nayo kazi nzima.

Sisi wa herufi, tuliozoea kuvuta S ndefu kwa pumzi moja, tunakuta kalamu ya plastiki inateleza na mstari unatetemeka. Ukiwa umeshika brashi, kwenye chaguo za zana (Tool Options) kuna ulainishaji wa mistari, chagua stabilaiza. Mstari utakuwa unakuja nyuma ya kalamu yako kwa umbali kidogo, na mkunjo unatoka laini. Iwashe kwenye mistari ya mwisho tu. Ukichorea kila kitu na stabilaiza, hata kuku anatoka hana uhai, mviringo mtupu.

Na kabla sijasahau, mambo ya hapa kwetu. Vumbi la Dodoma juu ya tableti ni msasa. Ncha ya kalamu inaisha upande mmoja, inakuwa kali, inaanza kukwaruza uso. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kila unapoanza. Ndani ya boksi kuna ncha za akiba na kipete cha kung'olea, watu wanakitupa na boksi lake.

Maswali karibuni. Mimi siyo mtaalamu wa kompyuta, ni mpaka rangi.

Paka wa Ipagala:

Nimekaa siti ya mbele na ubuyu wangu. Mzee tupia picha, uzi bila picha ni redio.

Chimwaga Boy:

Shikamoo mzee. Nipo chuo hapa UDOM, sina laptopu wala tableti, nina simu tu na ibisPaint, ile programu ya kuchorea ya simu. Naweza kufanya kazi ya maana au nisubiri mpaka nipate mashine? Na kidole changu ni kinene, nikichora jicho nalifunika lote.

Mzee wa Brashi:

Marahaba mjukuu. Simu siijui. Yupo dada mmoja humu wa vitenge, anafanya kila kitu kwenye simu. Dada wa Kikuyu, njoo huku.

Dada wa Kikuyu:

Nimefika mzee, na ieleweke ni Kikuyu ya Dodoma, kila siku watu wananisalimia kwa lugha ya Kenya.

Chimwaga Boy usisubiri mashine. Mimi nabuni mapambo ya vitambaa na kadi za harusi, na nimeanzia ibisPaint kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kidole kinene dawa yake ni kukuza picha. Kuza mpaka jicho lijaze kioo, lichore, punguza uangalie kwa mbali, kuza tena. Ukiwa na kalamu ya kugusia yenye kisahani cha plastiki kwenye ncha, unaona pale unapogusa. Zile za ncha ya mpira mnene ni kidole kingine tu, usinunue.

Kalamu hizo hazisomi mkandamizo, yaani ubonyeze usibonyeze unene ni ule ule. Ndiyo maana mistari ya simu inatoka sare kama waya. Nenda kwenye mipangilio ya brashi, kuna unene wa mwanzo na unene wa mwisho, punguza vyote viwili, mstari utakonda kwenye ncha zake. Washa na stabilaiza, ipo humo pia.

Kiganja kikigusa kioo kinachora madoa. Kata soksi kuukuu, toboa dole gumba na vidole viwili, vaa. Watu watakucheka kwenye daladala lakini mchoro utakuwa safi.

Kitu cha kuangalia ni leya, yaani kurasa angavu zinazopangwa moja juu ya nyingine ndani ya mchoro mmoja. Simu inakupa idadi kulingana na ukubwa wa karatasi uliyofungua na nguvu ya simu yako. Karatasi kubwa, leya chache. Kwa hiyo amua mapema kazi inakwenda wapi. Ya kuposti tu, pikseli (vitone vinavyounda picha) 2000 kwa 2000 inatosha na unabaki na leya za kuchezea. Ya kuprinti, fungua kubwa na ujibane kwenye leya: moja ya rasimu, moja ya mistari, moja ya rangi, moja ya kivuli. Hiyo ya kivuli iweke modi ya Multiply, inagiza rangi iliyo chini yake bila kuifuta. Na siku ukipata laptopu, toa kazi kama faili la PSD (aina ya faili la Photoshop), Krita inalifungua likiwa na leya zake.

Chimwaga Boy:

Dada umenifungua. Soksi ninazo nyingi, zote za upande mmoja.

Jiji Jipya:

Wakuu tuambizane ukweli. Bila iPad na programu ya Procreate mnahangaika bure. Nunua kitu kimoja kizuri, maliza mchezo. Nchi za wenzetu wote wanatumia hiyo.

Dada wa Kikuyu:

Procreate ni nzuri, hakuna anayebisha. Waliitengeneza Tasmania kule Australia, imeanza 2011, unalipa mara moja basi, na huo ni ustaarabu siku hizi za malipo ya kila mwezi. Lakini ile kamili inakaa kwenye iPad peke yake (iPhone ina toleo lake dogo), na kalamu inanunuliwa kando. Bei ya vyote viwili naweza kufungua genge pale Sabasaba na mtaji ukabaki. Kama unazo kaka, nunua. Ila usimwambie mtu wa simu kwamba anahangaika bure.

Jiji Jipya:

Sawa dada, usinichape.

Mti Mkavu:

Mimi nina Photoshop niliyowekewa dukani, kaikraki fundi. Inafanya kazi zote hizo, kwa nini nianze kujifunza Krita?

Mzee wa Brashi:

Kama imekukaa mkononi siwezi kukutoa. Ila programu za kukraki ndizo zinazokuja na virusi, na siku ikigoma huna wa kumuuliza. Jirani yangu iligoma usiku wa kuamkia kazi ya harusi. Mafaili yote yapo, hayafunguki. Mimi nikaona kama cha bure na halali kipo, na brashi zake ni bora kwangu, nitafute nini.

Binti Kondoa:

Mzee, salaam kutoka Kondoa. Nimeupenda ushauri wa kuingia na kazi unayoijua, nami niongeze wangu kwa wasio na kazi maalumu.

Kwetu huku ipo michoro ya miambani ya Kolo, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu wengi wa Dodoma wanapita barabara ya kwenda Babati hawajawahi kushuka. Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alikaa huku mwaka 1951 akinakili michoro hiyo. Nilivyosikia habari hiyo nikasema kama mtu mzima na elimu yake alikaa kwenye jua la Kondoa kunakili, mimi ni nani nisinakili.

Basi nilipiga picha za jiwe moja, nikaingiza kwenye Krita kama leya ya chini, nikaifisha mpaka ikawa hafifu, nikafungua leya mpya juu na kufuatisha. Binadamu wa pale ni warefu, wembamba, kiuno hakipo, kichwa kimechorwa kwa mistari mistari. Mchoraji aliutoa mguu mzima kwa mvuto mmoja. Jaribu kuutoa wewe! Ukiugawa mara tatu unaonekana umegawika. Hapo ndipo nilipoelewa mkandamizo wa kalamu ni wa nini, maana mguu unaanza mnene pajani na kukonda kifundoni bila kuinua mkono. Hakuna video iliyonifundisha hilo.

Kwenye jiwe lile lile michoro myekundu ndiyo ya zamani, na juu yake imekuja myeupe, minene, ya watu wa baadaye. Ukiifuatisha, weka nyekundu leya yake na nyeupe leya yake. Ukizima nyeupe unaona twiga aliyekuwa amefichwa. Raha yake huwezi kuisimulia.

Ombi tu, mkienda msimwagie maji jiwe ili picha itoke vizuri. Watu walikuwa wanafanya hivyo na inaua rangi. Na pale ni mahali pa matambiko mpaka leo, nendeni na mwongoza wageni.

Paka wa Ipagala:

Hii ndiyo comment ya uzi. Binti tupia huyo twiga.

Binti Kondoa:

Nitamtupia nikipata mtandao wa maana.

Fundi Bango:

Wachoraji, mimi niko upande wa pili, ninaprinti. Naomba niseme maana mnatutesa na kisha mnatusema vibaya mitaani.

Mtu anakuja na mchoro mzuri kabisa, pikseli 800, kautuma kwa WhatsApp kama picha, na anataka bango la mita tatu. Ule mchoro WhatsApp imeshaubana. Nikiukuza, kuku anakuwa vigae. Tuma kama hati, siyo kama picha, utafika ulivyo. Au lete na flashi.

Ukubwa uamue KABLA ya kuchora. Kitu cha kushikwa mkononi, kadi, kipeperushi, jalada la daftari, fungua kwa 300, yaani pikseli 300 kwa kila inchi, na A4 kwa 300 ni pikseli 2480 kwa 3508. Bango linalotazamwa kutoka upande wa pili wa barabara halihitaji hivyo, 100 inatosha kabisa. Lakini hata kwa 100, bango la mita mbili kwa moja ni karibu pikseli 7,900 kwa 3,900. Kila leya iliyojaa humo inakula zaidi ya MB 100 za RAM. Laptopu ya GB 4 ukifika leya ya nane itaanza kukuangalia.

Rangi nazo. Skrini inawaka, karatasi haiwaki. Ile kijani ya kuunguza macho na ile bluu ya umeme, wino hauna. Zikitoka zimefifia mnasema fundi kapunguza wino. Mzee kaisema Ctrl na Y kama ajali, lakini mimi naomba muibonyeze makusudi mkiwa mnachagua rangi, mwone mapema nini kitapauka. Na kama kazi ni kubwa, lipia kwanza kipande kidogo cha kujaribia, wekeni rangi zote kuu. Fundi anayekataa kukutolea kipande cha kujaribia, mhame.

Mzee wa Brashi:

Fundi ubarikiwe. Niongeze moja kwenye hilo: herufi na nembo usizichore kwa pikseli kabisa. Zifanye Inkscape, nayo ni ya bure. Humo herufi ni hesabu ya mikunjo, siyo vitone, ukiikuza iwe ya kadi au ya ukuta wa ghorofa kingo ni zile zile. Mimi kuku namchora Krita, maneno KUKU WA KIENYEJI nayapanga Inkscape, kisha vinakutana mwishoni. Mteja akibadilisha namba ya simu, na lazima ataibadilisha, sirudi kumgusa kuku.

Ticha wa Mpwapwa:

Habari wakuu. Nafuatilia kimya kimya, leo niseme. Mzee, ushauri wako una upungufu. Unasema ingia na kazi unayoijua. Mimi nina watoto wa sekondari ambao hawana kazi wanayoijua. Somo la sanaa wanalipata kwa kubahatisha, chumba cha kompyuta kina mashine za zamani, hakuna tableti hata moja, ni mausi tu. Hao waingie na nini?

Mzee wa Brashi:

Mwalimu umenibana. Mimi niliongea na watu wenye mkono, hao wako sikuwafikiria. Ila mtoto gani hajui kuchora kitu? Gari kwenye vumbi, ng'ombe, mama anatwanga. Aanze na penseli.

Dada wa Kikuyu:

Mwalimu, penseli na karatasi kwanza, mzee yuko sahihi hapo. Halafu mchoro unapigwa picha kwa simu, karibu na dirisha, simu ikiwa juu yake kabisa isilale, kivuli chako kisiangukie karatasi. Uingie kwenye kompyuta, ufifishwe, na mtoto afuatishe juu kwa leya mpya. Kwa mausi kuchora kwa mkono huru ni adhabu, usiwape. Wape Inkscape. Ile haina haja ya tableti, unabonyeza nukta moja moja kuuzunguka mchoro kisha unavuta mikunjo. Mausi inatosha na mashine ya zamani inaibeba.

Ticha wa Mpwapwa:

Hilo la Inkscape nitalijaribu muhula ujao. Lakini bado sikubali moja kwa moja, mzee. Hawa wakianza kwa kufuatisha tu watajifunza kufuatisha. Kuna siku lazima mtu afungue ukurasa mweupe asijue anachora nini.

Binti Kondoa:

Mwalimu, wape mazoezi ya kitambaa. Krita ukibonyeza W ukurasa unajirudia pande zote, ukichora ukingo wa kulia unaendelea kushoto. Weka kitone kimoja, kinakuwa mia. Mtoto asiyejua kuchora chochote anapata kitenge. Ukurasa mweupe hautishi tena kwa sababu haubaki mweupe. Kwa hilo hata mausi inafaa.

Dada wa Kikuyu:

Binti umetoa siri ya biashara yangu. Haya, mmeshaijua, kisheria mnanidai chai.

Mti Mkavu:

Haya yote ya nini wakati AI inachora kwa sekunde tano?

Mzee wa Brashi:

Kuna mama ntilie alikuja na bango lake la AI nimrekebishie. Wali mzuri, moshi unatoka, na juu kabisa KARIBU MGAHWANI. Nimemrekebishia, kalipa.

Nzuguni Sokoni:

Wakuu swali la Kiingereza. Nataka kujifunza kwa wachoraji wakubwa wa Krita lakini video zao sizielewi. Kuna njia?

Binti Kondoa:

Ipo, na haina maneno. Yupo mchoraji Mfaransa anaitwa David Revoy, tangu 2014 anatoa katuni yake mtandaoni iitwayo Pepper & Carrot, kwa kutumia Krita, na anaweka wazi mafaili yake ya kazi yakiwa na leya zote. Shusha ukurasa mmoja, ni mafaili mazito kwa hiyo subiri bando la usiku. Ufungue ndani ya Krita. Zima leya moja, angalia kilichotoweka. Washa, zima nyingine. Utaona rasimu yake ilivyo chafu, utapata moyo. Utaona kivuli alikiweka wapi na rangi gani. Leseni yake inaruhusu kutumia hata kibiashara ilimradi umtaje, lakini hapo wewe unajifunza tu.

Na ukiweka kazi yako kwenye makundi ya wachoraji mtandaoni, usiandike "maoni?" peke yake. Andika unachotaka kuambiwa: mkono huu una kasoro gani, au kivuli kimekaa upande sahihi? Hata kwa Kiingereza cha kuungaunga watakujibu, na wengine wanakuchorea juu ya picha yako kuonyesha. Ukiuliza maoni matupu utaambiwa nzuri sana, na hiyo haikusaidii lolote.

Nzuguni Sokoni:

Asante dada. Jingine: nimeunganisha tableti kwenye laptopu, kalamu inasogeza mshale vizuri, lakini nikibonyeza kwa nguvu au polepole mstari ni ule ule. Brashi ni hiyo hiyo ya mzee.

Fundi Bango:

Draiva uliweka? Windows mara nyingi inaitambua tableti kama mausi tu ukiichomeka bila draiva.

Nzuguni Sokoni:

Niliweka, ya tovuti ya kampuni.

Mzee wa Brashi:

Basi ingia mipangilio ya Krita, sehemu ya tableti. Utakuta chaguo mbili, WinTab na Windows Ink. Kama iko kwenye moja hamia nyingine, FUNGA Krita kabisa, fungua tena. Palepale pana kibonyezo cha kujaribia tableti, chora humo, utaona namba za mkandamizo zinapanda na kushuka. Zikipanda na kushuka, tableti ni nzima. Zikisimama palepale, rudi kwenye draiva, na uhakikishe hujaacha draiva ya tableti nyingine ya zamani ndani, zinagombana.

Nzuguni Sokoni:

Ilikuwa WinTab, nimehamia Ink. IMEKUBALI. Mzee Mungu akuweke. Naanza na kibao cha mashine ya kusaga ya shemeji.

Mzee wa Brashi:

Safi. Muulize kwanza kitatundikwa wapi na kwa upana gani, ndiyo ufungue ukurasa.

Chimwaga Boy:

Samahani kuingilia, kuna mtu hapa mjini anauza ncha za kalamu za Huion? Rafiki yangu alitupa boksi.

Paka wa Ipagala:

Na kipete chake, siyo? Njoo PM, ninazo za ziada. Ila twiga wa Kondoa bado namsubiri.